Ruta ya CNC ya kujitengenezea: chuma kwanza, mota baadaye

Anayepanga kujenga ruta ya CNC, mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, mara nyingi huanza kwa kuuliza mota. Mimi ningependa aanze kuuliza bomba la daraja, yaani boriti inayobeba kikatio (biti) juu ya meza. Biti ikikutana na mninga, nguvu inayoirudisha nyuma hupitia bamba la Z (sehemu inayopandisha na kushusha biti), daraja na reli hadi kwenye fremu. Popote patakapopinda ndipo vipimo vinapopotea, hata mota ziwe kubwa namna gani. Hapa nazungumzia mashine yenye eneo la kukata la milimita 600 kwa 900, inayotosha milango ya makabati, vibao na nakshi.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua bomba la mraba la chuma la 40 × 40, unene mm 3, urefu mita 1, uliegemeze ncha zote mbili. Ukilikandamiza katikati kwa newtoni 100, sawa na mzigo wa kilo 10 hivi, litapinda karibu mm 0.1. La 80 × 80 lenye unene uleule litapinda mm 0.011. Uzito umeongezeka maradufu, ukakamavu mara tisa. Alumini ya umbo hilohilo ingepinda karibu mara tatu ya chuma. Urefu nao una adhabu yake: daraja la mita 1.5 hupinda zaidi ya mara tatu ya lile la mita 1. Kwa sababu hiyo simshauri anayeanza kutamani meza ya kulaza karatasi nzima ya plaiwudi.

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo haionyeshi, nalo ni daraja kusokoteka. Biti inaning'inia chini ya reli, kwa hiyo kila inaposukumwa inalisokota daraja kama mkono wa spana. Bomba lililofungwa pande zote huhimili msokoto. Chuma cha umbo la U hakihimili. Fupisha pia Z: mwendo wa mm 100 unatosha kazi nyingi za mbao.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu fremu nzuri. Choma vipande vifupi vya mm 30 kwa kupokezana pande, acha vipoe, na usitoboe tundu lolote la reli kabla ya kumaliza. Kwa reli za HGR20, zenye upana wa mm 20, matundu hupishana mm 60 na bolti ni M5. Ukuta wa mm 3 haushiki hesi za kutosha za M5, kwa hiyo chomelea chuma bapa cha mm 10 juu ya bomba, toboa kwa mm 4.2, kisha chonga hesi. Funga reli ya kwanza ukiifuatisha na rula ya chuma iliyonyooka. Ya pili iache imelegea, weka daraja, lisukume mwanzo hadi mwisho huku ukikaza bolti zilizo karibu na bloku (kipande kinachoteleza juu ya reli) inapopita. Daraja likiwa zito upande mmoja wa safari, reli hazijawa sambamba. Mahali palipobonyea, kipande cha kopo la soda, ambacho kina unene wa karibu mm 0.1, kinatosha kuinua. Kuhakikisha pembe za fremu ni mraba, tumia pembetatu yenye pande za mm 600, 800 na 1,000.

Kwenye parafujo za gololi, zinazogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo wa mstari, wengi hununua 1605, yaani kipenyo mm 16 na mwendo wa mm 5 kwa mzunguko. Kwa mbao mimi nachagua 1610. Kwa kasi ya mm 3,000 kwa dakika, 1605 inazunguka mara 600 na 1610 mara 300 tu, na mota ya stepa (inayozunguka kwa hatua ndogondogo) hupoteza nguvu kadiri inavyozunguka haraka. Mota za NEMA 23 (jina la saizi ya mota) za newtoni-mita 2 hivi, draiva za DM542 za kuziendesha na pawasaplai ya volti 36 zinatosha. Volti 24 ni ndogo, na ndiyo chanzo cha mashine nyingi kuruka hatua zikikimbia. Hatua kwa milimita ni 200 × 8 ÷ 10, yaani 160: mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inagawa kila hatua mara 8, na parafujo husogea mm 10. Kwa kasi ile unahitaji mapigo 8,000 kwa sekunde, na GRBL, programu ya kuongoza mashine, kwenye bodi ya Arduino Uno inafika takriban 30,000.

Amuru mm 300 kisha pima. Ukipata 150 au 600, swichi ndogo za draiva zimepangwa vibaya. Ukipata namba tofauti kila safari, skrubu ya kaplingi inateleza kwenye shafti. Usiharakishe kubadili 160 ili kipimo kikubali. Utakuwa unaficha ubovu ambao utarudi kwenye kazi ya mteja.

Mota ya kukatia ya kilowati 2.2 yenye mizunguko 24,000 huendeshwa na VFD, kifaa cha kubadili masafa ya umeme, kwa Hz 400. Kabla ya kuiwasha hata mara moja, weka masafa ya msingi na ya juu kuwa 400. VFD ikibaki kwenye 50 ya kiwandani, mota itapewa volti zote ikiwa bado inazunguka polepole, na koili zitaungua upesi. Pima pia kwa multimita kama pini ya nne ya plagi inaungana na mwili wa mota. Mara nyingi haijaunganishwa kabisa, na hapo mwili mzima hauna ethi.

Ikiwa mashine inasimama na kuandika ALARM:1 kila unapowasha mota ya kukatia, usilaumu programu. Ni kelele ya VFD kuingia kwenye nyaya za swichi za mwisho, zile zinazosimamisha mashine ikifika ukingoni. Tumia kebo yenye ngao kwenda kwenye mota, ngao iungwe ethi upande wa VFD, na upitishe nyaya za swichi mbali nayo. Swichi ziwe za aina iliyofungwa wakati wote na kufunguka inapoguswa, na kwenye GRBL uweke $5=1: waya ukikatika utajua, na kelele itapata shida kuinua pini. Ongeza kapasita ya nF 100 kwenye kila pini. Swichi ya dharura lazima izime na mota ya kukatia, kwa sababu biti inayozunguka mahali pamoja ndani ya mbao huwasha moto.

Kasi ya kukata ni mizunguko kwa dakika × meno × unene wa kipande kinachokatwa na kila jino. Biti ya mm 6 yenye meno mawili, mizunguko 16,000 na mm 0.08 kwa jino inatoa mm 2,560 kwa dakika. Kina kiwe mm 3 kwa mpito. Tazama kinachotoka. Yakiwa maranda madogo, sawa. Ukiwa unga laini na mbao inanukia kuungua, biti inasugua: punguza mizunguko au ongeza mwendo, wala usipunguze mwendo kama wengi wanavyofanya. Mvule uupitie kwa macho kwanza, kwani hubeba mawe ya kalisi kaboneti ndani yake, na jiwe moja linatosha kumaliza makali ya kabaidi.