Tayamamu: kukusudia udongo katika mji wa mawe

Kwa Kiarabu, tayammum ni kukusudia, kukielekea kitu kwa makusudi. Ndani ya neno lenyewe hamna udongo wala vumbi. Udongo umeingia kupitia aya, An-Nisaa 43 na Al-Maida 6: "fatayammamuu swaidan twayyiban", yaani mkikosa maji, kusudieni swaidi iliyo safi. Baadaye jina la kukusudia likawa jina la ibada nzima, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wakaifafanua hivi: kufikisha udongo wenye kutwahirisha usoni na mikononi, kwa nia, badala ya wudhu au josho, kwa masharti maalumu.

Ufafanuzi huo unasomwa madrasa za mashariki ya Kongo, na mtoto anaukariri bila shida. Shida inaanza akitoka nje pale Goma. Mguu wake umekanyaga lava, jiwe lililotoka kwenye volkano. Ukuta wa jirani ni lava, kiwanja cha mpira ni lava iliyosawazishwa, na katikati ya mji limo tabaka lililomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwezi wa kwanza 2002. Ameambiwa apige udongo. Udongo uko wapi?

Jibu linategemea neno swaidi. Asili yake ni kupanda, kuwa juu, kwa hiyo maana yake pana ni kile kilicho juu ya uso wa ardhi. Imamu Malik ameichukua maana hiyo pana: mchanga, jiwe, changarawe, vyote swaidi. Abu Hanifa naye anakubali kila kilicho cha jinsi ya ardhi, kisichoungua kikawa majivu wala kuyeyuka, na jiwe wafuasi wake wamelitaja kwa jina, hata likiwa limeoshwa halina vumbi. (Mtani wa Goma atauliza: na jiwe letu, lililokuja likiwa uji wa moto? Swali zuri la barazani. Likishapoa ni jiwe kama mawe mengine.)

Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku tangu Uislamu ulipoingia Maniema, mashariki ya Kongo, kwa njia ya misafara ya pwani, hakubali jiwe tupu. Kwake swaidi ni udongo wenye vumbi. Hoja yake iko katika herufi chache za Al-Maida 6: "famsahuu biwujuuhikum wa-aydiikum minhu", pakeni nyuso zenu na mikono yenu kutokana nayo. Hilo "minhu" limeonyesha kuwa kuna kitu kinachotoka kwenye ardhi kikabaki kwenye kiungo. Jiwe lililooshwa na mvua halitoi kitu. Wahanbali, wafuasi wa Imamu Ahmad bin Hanbal, nao wanataka vumbi.

Jaribu mwenyewe. Weka kiganja kwenye ukuta wa lava asubuhi baada ya mvua: kinatoka na ubaridi tu na alama za vishimo vya jiwe. Rudi ukuta uleule mwezi wa saba, kando ya barabara ambako magari yamepita wiki nzima: kiganja kinatoka na unga wa kahawia. Kwa Mshafi, mguso wa kwanza si tayamamu. Wa pili una sura ya tayamamu, kwani si lazima kupiga ardhi yenyewe. Ukuta, mkeka au nguo yenye vumbi la udongo linaloinuka inatosha.

Nimesema "sura", maana vumbi nalo lina masharti, na hapa ndipo wengi wanateleza. Jiwe lililosagwa si udongo hata likiwa laini kama poda. Kwa hiyo unga uliobaki pale wanapoponda kokoto haufai. Tofali lililochomwa halifai, saruji haifai, majivu ya jikoni hayafai, na udongo uliochanganyika na unga wa ngano au muhogo haufai hata unga ukiwa kidogo. Mchanga unafaa ukiwa na vumbi lake. Mchanga mweusi uliolowa ufukweni mwa ziwa Kivu hauna vumbi, na aliyesimama pale hana haja nao, maji yako miguuni pake.

Njia iliyo salama ni kuweka akiba. Chukua udongo wa shamba, ule wa kupanda maharagwe, mahali pasipo na kinyesi cha mifugo wala samadi. Kausha juani, chekecha, jaza kopo la kilo moja. Kopo hilo linamhudumia mgonjwa kwa muda mrefu, maana udongo unaobaki ndani hauharibiki kwa kupigwa mara nyingi. Kinachoharibika ni vumbi lililogusa kiungo likaanguka, ambalo linaitwa musta'mal, lililotumika. Ndiyo maana usijipake uso huku umeinamia kopo. Hospitalini kopo hili ni la lazima hasa, kwa sababu kuta zimepakwa rangi ya mafuta na zinafutwa kila siku.

Sasa "mkikosa maji". Kukosa nako kuna vipimo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita, na kuoga kwa pishi moja (mudi nne) hadi mudi tano. Bidoni ya lita 20 ni wudhu wa siku kadhaa. Kwa hiyo robine (bomba) kukauka si kukosa maji. Mshafi anatakiwa atafute, na akiwa na yakini ya maji ndani ya nusu farsakhi, kama kilomita mbili na nusu, ayaendee ikiwa nafsi na mali yake viko salama. Anayeogopa kwa haki kutoka usiku ana udhuru. Maji yakiuzwa, anunue kwa bei ya kawaida ya mahali na wakati ule, ikiwa pesa imezidi matumizi yake, ya anaowalisha na deni lake. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akipandisha bei ya maji kupita kawaida ya siku ile, si wajibu kununua. Maji yaliyopo yakihitajika kwa kunywa, ya mtu au ya mnyama, yananywewa, swala inapata udongo. Na mwenye maji kidogo yasiyotosha viungo vyote ayatumie kwanza mpaka yaishe, halafu atayamamu kwa viungo vilivyobaki. Hili la mwisho linasahauliwa sana.

Upande wa pili ni ugonjwa: maji yapo, ila yatadhuru au yatachelewesha kupona. Hapo neno la daktari mwaminifu linatosha.

Namna yake kwa Mshafi ni hii. Subiri wakati wa swala uingie, kwani tayamamu iliyofanywa kabla ya wakati ni batili. Ondoa kwanza najisi mwilini. Tayamamu ni ya hadathi, ile hali ya kisheria inayomzuia mtu kuswali, na si ya uchafu; damu haitoki kwa vumbi. Tia nia, piga udongo kwa viganja viwili, punguza vumbi kwa kupuliza kama ni jingi, pangusa uso wote. Piga mara ya pili, na safari hii kuvua pete ni wajibu, maana vumbi halipiti chini yake kama maji. Pangusa mkono wa kulia kisha wa kushoto, mpaka na viwiko. Kugaragara hakuna. Ammar bin Yasir alipopata janaba safarini aligaragara kama mnyama, Mtume akamwonyesha kuwa kupiga ardhi na kupangusa uso na viganja kunatosha. Kwa hadithi hiyo Wahanbali wanapiga mara moja na kuishia kwenye vifundo vya mikono.

Kuhusu nia, neno la kukumbuka ni istibaha, kuhalalishiwa. Mshafi hasemi moyoni "naondoa hadathi", kwa sababu udongo hauiondoi. Unampa ruhusa tu ya kuswali akiwa nayo. Anakusudia kuhalalishiwa swala ya faradhi. Akikusudia swala ya sunna, au "swala" bila kuitaja faradhi, ataswali sunna peke yake. Na ruhusa hiyo ni ya faradhi moja na sunna atakazo: Alasiri ina tayamamu yake, Magharibi yake. Kwa Mhanafi hadathi imeondoka mpaka maji yapatikane, hivyo tayamamu moja inaswalisha faradhi nyingi. Anayetaka kufuata kauli ya Hanafi au Malik kuhusu jiwe aulize shehe masharti yote ya tayamamu katika madhehebu hayo. Kuchukua jiwe la huyu na nia ya yule ni kujitengenezea ibada isiyokubaliwa na imamu yeyote kati yao.

Limebaki jambo ambalo watu wa Goma hawapendi kulisikia. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, maji yalikatika sehemu kubwa za mji, na wengi walitayamamu. Kwa Mshafi, msafiri aliyetayamamu jangwani, mahali ambapo kukosa maji ni kawaida, swala yake imetimia, hairudii. Mkazi wa mji ambao maji kwa kawaida yapo, uliokaa kando ya ziwa, anaswali kwa tayamamu kwa heshima ya wakati, kisha maji yakirudi anatawadha na kuzirudia swala hizo.