Je, wajua kwa nini mlinzi wa dungu hupitwa na nguruwe akiwa macho makavu?

Mahindi yakishaanza kubeba, watu wengi wa vijijini Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kusini mwa Tanzania, huhamia shamba usiku. Kwenye shamba kuna dungu, yaani kichanja cha miti kilichoinuliwa juu na kuezekwa nyasi, na juu ya dungu kuna mtu mwenye tochi na debe bovu la kugonga. Nguruwe pori akisikika, debe linalia, kelele zinapigwa, mnyama anatoka mbio. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini kuna asubuhi unakuta mistari mitatu imelazwa chini, mabua yametafunwa, na mlinzi anaapa kwamba hakufumba jicho usiku kucha. Mwenye shamba anamwona mwongo.

Huenda hasemi uongo. Wanasaikolojia hutenganisha mambo mawili ambayo sisi tumezoea kuyaita yote umakini. La kwanza ni kuzingatia: kitu kipo mbele yako na unakishughulikia. Mchonga vinyago wa Kimakonde akishika patasi, au wazee wawili wakikaa kwenye bao pale Mikindani, jua linaweza kuzama wasijue. Kila patasi inapogonga, mpingo unajibu. Kila kete inapotua, mchezo umebadilika. Kazi yenyewe inamvuta mtu. La pili ni kukesha: unangoja kitu ambacho hakipo, hujui kitakuja saa ngapi, na pengine usiku huu hakiji kabisa. Hapo hakuna cha kukuvuta. Ni wewe na giza.

Aliyelipima jambo hili kwanza kwa makini ni Norman Mackworth, wa Cambridge nchini Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa jeshi la anga walikaa ndani ya ndege wakitazama kioo cha rada, wakitafuta alama ndogo ya nyambizi ya Wajerumani. Alama zilitokea, nao hawakuziona. Mackworth akatengeneza saa isiyo na tarakimu, yenye mshale mmoja unaoruka hatua moja kila sekunde. Mara chache sana mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kubonyeza kitufe kila aonapo mruko huo, basi. Kazi ya mtoto, ungesema.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalishangaza. Katika nusu saa ya kwanza watazamaji walipitwa na takribani miruko 15 kati ya kila 100. Kuanzia nusu saa ya pili walipitwa na robo nzima, na hali ikabaki hivyo hadi saa mbili zilipotimia. Kumbuka, hawa hawakuwa wamelala. Macho yalikuwa wazi, yameelekea kwenye mshale, na mruko ulipita mbele yao.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba kazi hiyo inachosha kwa sababu haina kazi ndani yake. Akili inakosa cha kufanya, inatangatanga. Jibu hilo halijafa. Ila watafiti wengine walipima kasi ya damu inayokwenda kwenye ubongo wa mtu anayekesha, wakaona inashuka sambamba na uwezo wake wa kugundua. Waliotazama kioo kilekile bila kupewa jukumu la kutafuta chochote, damu yao haikushuka. Maana yake kukesha kunakula nguvu kwelikweli. Mimi naegemea upande huu, na nadhani yeyote aliyewahi kulala dungu ataegemea hukohuko: asubuhi mwili unauma kama umelima, na hukugusa jembe.

Kuzingatia nako kuna upofu wake, ila ni wa namna nyingine. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani waliwaonyesha watu video ya vijana wakipasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za timu yenye fulana nyeupe. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe aliingia, akajipigapiga kifua, akatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Hao walipitwa kwa sababu akili ilikuwa imeshikwa na mpira. Mlinzi wa dungu anapitwa na kitu kilekile anachokingoja.

Na kadiri kitu kinavyokuwa adimu ndivyo kinavyopita kirahisi. Mtafiti Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha hili mwaka 2005: picha zenye kitu kinachotafutwa zilipokuwa nusu ya picha zote, watu walikosa asilimia 7, zilipokuwa 1 tu kati ya 100, walikosa asilimia 30. Wanaochambua korosho wapate kulifikiria hilo. Mzigo wenye mbovu nyingi unajisema wenyewe. Wa kuogopwa ni ule safi, wenye mbovu moja moja.

Dawa? Mackworth aligundua kwamba watu wakipokezana kila nusu saa, ugunduzi haushuki. Hata simu fupi katikati ya zamu, ya kumhimiza mtazamaji, ilimrudisha kwenye hali ya mwanzo. Hapo naona wenye madungu walishafika zamani: anayeimba, anayeitana na jirani wa shamba la pili, anayegonga debe hata pasipo na mnyama, hafukuzi nguruwe peke yake, anajiamsha na yeye. Kasoro iko kwenye zamu. Kumwacha kijana mmoja tangu saa sita hadi alfajiri ni kumtaka ashinde kitu ambacho askari wa rada walishindwa kabla ya saa moja kutimia.

Viwanja vikubwa vya ndege vimekwenda mbele zaidi. Kwenye mashine za kukagua mizigo, kompyuta humchomekea mkaguzi picha ya bunduki ya uongo mara kwa mara, kisha humwambia kama ameiona, ili vitu adimu visiwe adimu sana machoni pake. Shambani bado hakuna aliyejitolea kuwa nguruwe wa uongo saa nane za usiku, na kwa jinsi wenye madungu wanavyolala na mikuki pembeni, simshauri mtu.