Vitz inakula mafuta: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Mtu akinunua Toyota Vitz ya cc 1,000, ameifuata kwa ajili ya mafuta. Ikianza kula kama gari la cc 2,000 usingizi unakata, na kabla wiki haijaisha ameshabadilisha plagi, ameshaosha nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini, ameshamimina dawa kwenye tenki, na mshale bado unashuka vilevile. Nimekaa gereji muda wa kutosha kuona hela za watu zikiteketea namna hii, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo lilikuwa jambo la kupima kwa nusu saa.

"Nikiweka ya elfu thelathini nilikuwa natembelea siku nne, sasa mbili."

Hicho si kipimo. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta Tanzania, hutangaza bei mpya kila mwezi, kwa hiyo elfu thelathini ya mwezi huu si lita zilezile za mwezi uliopita. Na siku mbili za foleni ya Mbagala si sawa na siku mbili za kwenda Bagamoyo. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha kilomita za safari kwenye sifuri, tembea mpaka tenki ipite nusu, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena mpaka ikate. Umetembea kilomita 278 na zimeingia lita 21.4? Gawanya: ni kilomita 13 kwa lita. Rudia mara mbili au tatu.

Na usilinganishe na zile namba za Japani. Kipimo chao cha zamani cha "10-15" kilifanyika maabara, gari likiwa juu ya roli, kasi haizidi kilomita 70 kwa saa, AC imezimwa. Vitz inayotoa kilomita 11 au 12 kwa lita kwenye foleni ya Dar na AC inapuliza, kwangu mimi haiumwi.

"Nchi ya joto hii, thamostati ya nini?"

Hapa naomba msomaji atulie, maana hili ndilo linaloharibu gari nyingi zaidi. Gari likichemsha mara moja, fundi anang'oa thamostati, anaitupa, mwenye gari anashukuru. Miezi miwili baadaye analalamika mafuta, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Thamostati haihusiani na joto la Dar. Ni mlango unaozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, na kwenye Toyota nyingi za petroli huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Hata jua liwe kali vipi, hewa ya nje ni nyuzi 33. Kwa injini hiyo bado ni baridi. Ukiondoa mlango, maji yanazunguka rejeta tangu unapowasha, na ukishika barabara kuu upepo unayapoza zaidi. Kompyuta ya injini ikisoma kwamba injini ni baridi, inaongeza petroli, kama ambavyo ingefanya alfajiri. Gari nyingi za otomatiki nazo hazifungi kabisa muunganiko wa injini na gia kabla ya kupata joto, kwa hiyo mzunguko unabaki juu bila sababu. Na kuna injini ambazo thamostati ikitoka, sehemu ya maji hukwepa rejeta, na gari lilelile lililotolewa thamostati ili lisichemshe likaja kuchemsha kwenye foleni.

Kuangalia ni bure. Vitz ya 2005 kuendelea haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ikichukua muda mrefu kuzimika, au ikizimika kisha ikawaka tena ukiwa kwenye mwendo, kuna uwezekano mkubwa thamostati haipo au imekwama wazi. Mashine ya kupima inaweza kutoa kodi ya hitilafu P0128, na hiyo ndiyo maana yake.

"Ekleena chafu ndiyo inakula mafuta."

Ekleena ni chujio la hewa ya injini. Kwa gari la kabureta, kweli. Kwa gari la nozeli, kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza petroli kulingana nayo. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu hili mwaka 2009: ekleena iliyoziba ilipunguza nguvu ya gari, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote. Badilisha ekleena kwa afya ya injini, ila usitegemee iponye ulaji.

"Mteremkoni weka fri, unaokoa."

Fri ni nyutro, gia imetolewa. Kwenye miteremko kama Kitonga ya Iringa au Salgaa ya Kenya hili linaua watu. Na haliokoi: gari la nozeli likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa. Ukiweka fri, injini inahitaji petroli ya kujizungusha yenyewe.

"Mashine imesoma sensa ya oksijeni, nunua sensa."

Sensa hii hukaa kwenye ekzosi na kuiambia kompyuta oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Wakati mwingine imekufa kweli. Lakini mara nyingi inasema kweli, au inadanganywa. Ekzosi ikipasuka au kuchomelewa vibaya kabla ya sensa, hewa ya nje inanyonywa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni chache na inaongeza. Utafunga sensa tatu mpya na zote zitasema hivyohivyo. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa, mwenzio azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe sikiliza mbele. Ukisikia "tsss", hapo ndipo pa kuanzia.

"Injini mbovu."

Kabla hujaifungua, tembea kilomita kumi, mwishoni usimame taratibu bila kukandamiza breki. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Mbele zote mbili zikiwa vuguvugu, sawa. Moja ikikuunguza kabla hujaifikia na kunuka pedi, kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki, imeshika, na injini inavuta gari huku breki ikilizuia. Piga jeki, weka nyutro, zungusha tairi kwa mkono: zuri huzunguka na mkwaruzo mwepesi, lililoshika utalisukuma kwa mikono miwili. Pini za kalipa zikivuliwa, zikasuguliwa kutu na kupakwa grisi ya breki, mara nyingi tatizo linaishia hapo.