Jenomu Haichemshwi

Mnadani Masasi, muuza dawa za miti shamba alinyanyua chupa ya unga wa kijani akanadi: "Hii ina jenomu ya mwarobaini, wazungu wameshaisoma!" Hiyo ni mara ya tatu nalisikia neno jenomu mwaka huu, na sasa limenifika hapa.

Jenomu ni maelekezo yote ya urithi ya kiumbe, yaliyomo kwenye DNA, kemikali inayobeba urithi ndani ya seli. Kuisoma ni kujua herufi zake nne, A, T, G na C, zinavyofuatana. Basi.

Neno lenyewe lilitungwa Ujerumani mwaka 1920 na Hans Winkler, mtaalamu wa mimea. Jeni, yaani kipande kimoja cha maelekezo hayo, lilitangulia, 1909, kwa Wilhelm Johannsen wa Denmark. Sisi tulichukua nasaba, neno la Kiarabu tulilolizoea tangu zamani kwenye mambo ya posa, tukalitia ki-: kinasaba. Napenda lilivyokaa, kwa sababu anayeuliza nasaba anauliza nani kazaliwa na nani. Haulizi dawa.

Kinachofanya kazi ni kiambata, yaani kemikali ambayo mmea huitengeneza, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Chukua mwarobaini wowote wa uani. Jani, gome na mzizi vina jenomu ileile, na kokwa, ambayo ni mtoto wa mti, nayo ina jenomu ya mwarobaini. Lakini azadiraktini, kiambata kinachowafanya wadudu wasusie majani na washindwe kujivua gamba, imejaa zaidi kwenye kokwa. Ndiyo maana mwenye bustani ya mchicha hutwanga kokwa, akaziloweka usiku kucha, akachuja asubuhi na kupulizia. Gome haligusi. Azadiraktini ilitengwa mwaka 1968. Jenomu ya mwarobaini ikachapishwa 2012 (na walioisoma ni wanasayansi wa Bangalore, India, si wazungu). Miaka 44 kiambata kilikuwa mikononi mwa watu bila jenomu. Faida ya kuisoma ni kutafuta jeni zinazotoa vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemikali) ambavyo mti hutumia kutengeneza kiambata hicho. Kama kinamponya mtu au la, hilo huamuliwa kwa majaribio kwa wagonjwa.

Kaka wa mnadani, chupa yako niliinunua. Jenomu imo kweli, kama ilivyokuwamo kwenye kisamvu nilichokula jana. Kwenye lebo andika tu "majani ya mwarobaini yaliyosagwa". Wateja tutaelewa.