Saa tisa usiku, valvu inavuja: mwendeshaji asome nini?

Ilikuwa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha shaba nje kidogo ya Lubumbashi, Kongo, nami nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya mafunzo. Papa mmoja, yaani mzee wa heshima, mwenye zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi ya asidi alinisimamisha mbele ya pampu yake. Nikamuuliza: Papa, presha ikipanda, unaizima ikifika baa ngapi? Karatasi ya ukutani ilisema 6. Kwenye klaseri (faili la karatasi) ya kabatini ile 6 ilikatwa kwa kalamu ya bluu na juu yake pakaandikwa 5, bila tarehe wala sahihi. Kwenye simu yake kulikuwa na picha iliyopitia WhatsApp, nayo ilisema 4.5. "Mimi nafuata hii ya simu," akaniambia, "kwa sababu injinia ndiye aliituma." Injinia huyo alikuwa amekwisha kuhama.

Jibu tulilipata kesho yake saa nne asubuhi, baada ya ofisi ya ufundi kufunguliwa. Pampu ilikuwa imebadilishwa, na hata ile 4.5 haikuwa yake. Kibati chake cha vipimo kilikuwa pale pale ubavuni, kimefunikwa na ukoko wa asidi.

Kisa hiki nakieleza kwa sababu viwanda vingi hudhani shida ni ukosefu wa maandishi. Maandishi yapo tele. Kinachokosekana ni moja lililo sahihi leo, mahali mtu aliposimama, kwa lugha anayoisoma bila kukunja uso. Karatasi ya zamani ni mbaya kuliko kutokuwa na karatasi, maana asiye na kitu huuliza, bali mwenye karatasi hutenda.

Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Mafundi walikuwa wakiwasha mnara wenye urefu wa takriban mita 52. Kipima kina cha mnara kilikuwa kimerekebishwa kwa vipimo vya karatasi ya mwaka 1975, visivyolingana na mafuta yaliyokuwemo siku hiyo. Skrini ikaonyesha kina cha chini ya mita 2.5, tena kikishuka, wakati ndani mafuta yalikuwa yamefika mita 48 hivi. Daftari la zamu ya usiku lilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu kazi hiyo, usiomwambia mwenzao wa asubuhi mafuta yalikuwa yamejazwa hadi wapi. Mwendeshaji aliangalia skrini yake kama alivyofundishwa, na skrini ikamdanganya.

Turudi Katanga, eneo la Lubumbashi. Tanuru la Lubumbashi liliwaka mwaka 1911, na wazee wengi bado wakisikia kazi ya shaba huwaza moto na chimene (bomba la moshi). Lakini leo shaba na kobalti nyingi hupatikana kwa maji na asidi: mawe husagwa, huchanganywa na asidi ya salfuriki, shaba hunyonywa na kimiminika kilichochanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, kisha umeme huigandisha kwenye mabamba. Kazi ya namna hii haisamehe kubahatisha.

Chukua tangi la asidi ya asilimia 98. Kwa kawaida ni la chuma tupu, na mgeni hushangaa mbona chuma hakiliwi. Asidi kali hivyo hutengeneza utando juu ya chuma, na utando huo ndio unaokilinda. Maji yakiingia, asidi hupungua ukali, utando huyeyuka, chuma huanza kuliwa na hewa ya haidrojeni hutoka. Anayekuja na mashine ya kuchomelea juu ya tangi hilo anaweza kulipuka nalo. Sasa fikiria kijana wa zamu anaona flanji (kiungo cha bomba) ya tangi hilo inatiririka saa tisa usiku. Mkono wake wa kwanza unakwenda wapi? Kwenye bomba la maji. Asidi ikimrukia mtu mwilini, mkono huo ni sahihi kabisa: avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi papo hapo, bila kumsubiri daktari. Ila maji yasielekezwe kwenye tangi linalovuja. Tofauti hiyo inatosha mistari minne. Lazima iwe pale pale, mita chache kutoka kwenye flanji, kwa Kiswahili na Kifaransa.

Fishi ya usalama ya kemikali, yaani karatasi ya maelezo yake, kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa, ina sehemu 16. Huletwa na muuzaji, mara nyingi kwa Kiingereza au Kichina. Kwa mtu aliye mbele ya uvujaji, sehemu ya 4 (huduma ya kwanza), ya 5 (moto), ya 6 (kumwagika) na ya 8 (mavazi ya kujikinga) ndizo za dakika zile, nyingine zisubiri. Tunawashauri wakubwa wa viwanda wazitoe hizo nne, wazitafsiri pamoja na waendeshaji wenyewe, ziingie ukurasa mmoja. Nasema pamoja nao kwa sababu neno wanalotumia kwenye redio ya zamu ndilo wanalolielewa wakiwa na hofu.

Wingi nao huua. Julai 1994, kwenye kiwanda cha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, waendeshaji walipigiwa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Ukimpa mtu tableti yenye mafaili mia nane, umemrudishia kabati lile lile likiwa na kioo.

Njia zipo, na nyingine ni za bei ndogo. Kila valvu na kila pampu ipate kibati cha namba ile ile iliyo kwenye mchoro wa mabomba. Kando yake bandika msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa mtambo huo tu, nakala ikiwa imehifadhiwa ndani ya tableti, kwa sababu intaneti hukatika na umeme pia. Kwenye jengo lenye yale mafuta ya kunyonyea shaba, simu ya kawaida haiingii: cheche yake inaweza kuwasha mvuke. Huko weka kadi za plastiki, au tableti iliyothibitishwa kwa mazingira hayo. Kila ukurasa uwe na tarehe, namba ya toleo na cheo cha anayeujibia. Pampu ikibadilishwa, isiwashwe kabla ukurasa wake haujabadilishwa na nakala zote za zamani hazijakusanywa na kuchanwa.

Na ofisi ya ufundi isifungwe na mtu mmoja anayeondoka na ufunguo saa kumi na moja jioni. Hili linaniuma kuliko yote. Kuna viwanda vinavyoficha michoro kwa kuogopa itaibwa, huku aliyeachiwa mtambo usiku kucha akinyimwa kujua bomba linakwenda wapi.

Mkubwa wa zamu anaweza kujipima leo. Mwonyeshe mwendeshaji pipa au valvu yoyote, umwambie inavuja, kisha tazama saa mpaka aweke kidole kwenye mstari sahihi wenye tarehe sahihi. Ikizidi dakika mbili, hana maelekezo.

Nilirudi kwenye kiwanda kile baada ya miezi michache. Ukoko ulikuwa umekwanguliwa, kibati kinasomeka, na kadi mpya imefungwa kwa waya kwenye nguzo ya pampu. Ukutani, palipokuwa na karatasi ya baa 6, palibaki mraba mweupe katikati ya vumbi.