Taka Zitoke Asubuhi, Siyo Usiku: Maelezo kwa Wananchi Kuhusu Usafi, Mitaro na Miti ya Barabarani

Katika miezi ya karibuni dawati la usafi na mazingira limepokea malalamiko mengi kuliko kawaida, na karibu yote yanarudia maneno yaleyale: gari halikupita, mtaa haufagiwi, mtaro umeziba, miti mliyopanda imekauka. Wanaoyaleta wana nia njema, na baadhi wana haki kabisa. Gari huharibika, dereva huruka uchochoro, msimamizi husahau. Lakini tukifuatilia lalamiko hadi lilikoanzia, mara nyingi tunakuta kwamba mambo hayo manne ni jambo moja: mfuko wa taka uliotolewa nje saa isiyo yake.

Chukulia mfuko mmoja tu. Umetolewa saa tatu usiku, jiko likishasafishwa, ukaegemezwa kwenye nguzo ili uliwahi gari la kesho. Usiku wa manane mbwa anaupasua kwa chini, palipo na mabaki ya chakula. Saa kumi na moja alfajiri mfagiaji anafika na fagio lake na toroli. Kazi aliyopangiwa ni vumbi, mchanga wa ukingoni, majani na vikaratasi; sasa amekuta maganda yaliyolowa, nepi na vipande vya chupa. Anachutama na kuokota kwa mkono kile ambacho fagio halishiki. Mfagiaji hupewa kipande cha barabara chenye urefu maalumu na hukaguliwa kwa urefu huo, kwa hiyo dakika ishirini alizozitumia kwenye mfuko wako zimetoka kwenye mita za mbele, na jirani yako wa huko mbele ndiye atakayeandika kwamba mtaa haufagiwi. Gari likifika, wapakiaji hubeba kilichofungwa. Kilichobaki chini husubiri mvua, na mvua hukipeleka mtaroni.

Wengi huuliza kwa nini basi gari lisipite usiku, au kwa nini mfagiaji asije baada ya gari. Tunafagia alfajiri kwa sababu magari barabarani ni machache. Mtu aliyeinamia ukingo wa lami akiwa ameyapa magari mgongo yuko hatarini kila dakika. Kuzoa hufuata kufagia ili marundo ya mfagiaji nayo yapakiwe. Saa hizi zimeshikana. Anayetaka moja isogezwe kwa ajili ya nyumba yake anaomba mtaa mzima usogezwe.

Taka za nyumbani, basi, zitoke asubuhi ya siku ya zamu ya mtaa wako, kabla ya gari, zikiwa zimefungwa. Ukiwa unaondoka mapema kwenda kazini, tumia chombo chenye kifuniko kinachobana au elewana na jirani. Usitundike mfuko kwenye mti.

Lipo jibu tunalopewa kila tukisema hivi: "Mimi nalipa ada." Ni kweli, na tunashukuru. Ada hiyo inagharamia kuzoa taka za kawaida za nyumba yako kwa siku zilizopangwa. Hailipii kifusi cha ukarabati, matawi ya mti ulioangusha, magodoro wala matairi. Hivyo huombewa gari la peke yake, na ukiviweka kando ya barabara bila maombi unahesabika kuwa umetupa taka ovyo, hata kama uliviweka vizuri. Kazi hii haina urahisi unaodhaniwa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, taka peke yake humeza wastani wa takriban asilimia 20 ya bajeti ya halmashauri za miji. Sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye kuzoa na kusafirisha. Kila mfuko unaookotwa mara mbili unalipiwa mara mbili.

Swali jingine lisilokwisha: chombo cha taka kinunuliwe na mwenye nyumba au mpangaji? Ubishi huu una umri mrefu. Novemba 1883 Eugène Poubelle, mkuu wa mkoa uliokuwa na jiji la Paris, alitoa amri kwamba wenye nyumba wawape wapangaji wao vyombo vyenye vifuniko, na taka zitengwe mafungu matatu: zinazooza, karatasi na matambara, kisha vioo, vigae na magamba ya chaza. Wenye nyumba walikasirika, na mpaka leo Wafaransa huliita pipa la taka kwa jina lake. Sheria ndogo nyingi hufuata njia hiyohiyo: chombo ni cha mwenye nyumba, kukitumia vizuri ni kwa anayeishi humo. Soma za halmashauri yako kabla hamjafikishana kwa afisa afya, maana tunaletewa kesi ambazo ukurasa mmoja ungezimaliza.

Juu ya kutenga taka nitasema machache. Tenga zinazooza na zisizooza. Mafungu mawili yanatosha kuanzia. Nzi wa nyumbani, kwenye joto, huweza kutoka yai hadi nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, ndiyo maana taka za jikoni hazipaswi kulala wiki nzima. Ukiwa na kauanja, zigeuze mboji: changanya mabaki mabichi na majani makavu, geuza lundo mara kwa mara, na pima unyevu kwa kiganja. Ukikamua konzi moja yakatoka matone mawili matatu ya maji, hali ni nzuri. Yakichuruzika, ongeza majani makavu. Lundo kubwa lililopangwa vyema hupanda joto kupita nyuzi 55 za Selsiasi, na joto hilo huua vimelea vingi pamoja na mbegu nyingi za magugu. Lundo linalonuka limekosa hewa. Na hapana, kuchoma si njia ya kutenga. Moshi wa plastiki una sumu, nyingine huundwa na huo moto wenyewe, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wako.

Sasa mitaro, ambako hasira ya wananchi na yetu hukutana. Kikundi kinapozibua mtaro, matope huwekwa ukingoni siku moja au mbili. Simu zinaanza kulia papo hapo: "Mmetoa uchafu mkauacha!" Matope hayo yamejaa maji. Yakipakiwa mabichi, gari hubeba maji badala ya uchafu, na njia nzima humwagikiwa. Huachwa yachuje, kisha hupakiwa. Yakizidi siku tatu tupigie, hapo kosa ni letu na tunapaswa kulijibu, kwa sababu mvua moja inayarudisha yalikotoka. Ila usiyasukume mwenyewe kurudi mtaroni ili mbele ya duka lako papendeze. Hilo limetokea zaidi ya mara moja, na kazi ya wiki nzima ikawa kuteka maji kwa pakacha.

Mifuko myembamba ya plastiki ndiyo adui mkuu wa mitaro. Haiozi, hujilaza juu ya nondo za chujio kama ngozi ya ngoma, na majani na mchanga hujengeka juu yake. Bangladesh iliipiga marufuku mwaka 2002, ya kwanza kufanya hivyo duniani, baada ya kuona jinsi inavyoziba mitaro na kuzidisha mafuriko.

Kuhusu adhabu, naomba utaratibu ueleweke, kwa sababu watu hulipa pesa kwa wasiostahili kulipwa. Mkaguzi akikuta kosa, kwa kawaida huanza na onyo au notisi ya maandishi. Notisi halali hutaja mahali, tarehe, kosa lenyewe, kifungu cha sheria ndogo kilichovunjwa, muda uliopewa wa kurekebisha na ofisi unayoweza kupinga. Isipokuwa na kifungu, ulizia. Muda ukiisha bila marekebisho, mkaguzi hurudi, hupiga picha na kuandika taarifa. Pale sheria ndogo zinaporuhusu faini ya papo kwa papo, unakiri kosa kwa saini, unalipa kwa njia rasmi na unapewa stakabadhi; bila stakabadhi hujalipa kitu, hata kama pesa imetoka mfukoni. Ukikataa kosa, usilipe na usigombane: shauri litapelekwa mahakamani, nawe utasikilizwa. Anayerudia kosa huweza kukutana na adhabu kubwa zaidi, na mara nyingi halmashauri inaweza kusafisha yenyewe kisha ikamdai gharama juu ya faini. Mkaguzi naye ana wajibu wa kuonyesha kitambulisho kabla ya kukuuliza jina. Asiyekuonyesha, mwombe kwa adabu. Karatasi yenye jina lako iliyokutwa ndani ya mfuko uliotupwa korongoni, yenyewe peke yake, haitoshi kukutia hatiani, lakini inatosha kutufanya tubishe hodi.

Nimeacha miti mwishoni ingawa ndiyo inayonigusa zaidi. Mtu anafagia mbele ya nyumba yake, anafanya jambo jema kabisa, kisha anasukuma rundo hadi kwenye shina la mti wa barabarani na kuliwasha. Moto mdogo, wa robo saa. Chini ya gome kuna tabaka hai jembamba sana linalokuza shina na kulijengea njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi. Likiungua mzingo mzima, mti umekufa siku hiyo, ila haujui. Majani hubaki mabichi kwa wiki kadhaa, pengine miezi, ukila akiba ya mizizi. Unapoanza kukauka hakuna anayeukumbuka moto. Tunaandikiwa kwamba tumepanda mti tukasahau kuumwagilia.

Kumwagilia ni juu yetu, hasa miaka miwili mitatu ya mwanzo, na tukizembea tuambiwe. Wewe tunakuomba usisakafie saruji hadi shinani, maana sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo na inahitaji maji na hewa. Usipigilie matangazo kwa misumari. Usikate kilele cha mti kwa sababu kinaziba bango la duka. Mti uliokatwa kilele huchipua matawi mengi yaliyoshika vibaya, na hayo ndiyo huanguka upepo ukija. Omba upogoaji kwa maandishi, mtaalamu aje aone.

Lalamiko nalo lina namna yake. "Mtaa wetu mchafu" hatuwezi kulifanyia kazi. Tuambie ni kona ipi, siku gani, saa ngapi, na kama gari lilipita tuandikie namba zake za ubavuni. Picha moja iliyopigwa saa moja asubuhi, kabla gari halijafika, hutuonyesha mengi kuliko kumi zilizopigwa jioni, kwa kuwa jioni hatuwezi kujua kama taka zilizoonekana ziliachwa na gari au zimetolewa baada yake.