Je, wajua kwa nini amonia hutoa haidroksidi kidogo tu majini?

Ukipita sokoni Darajani penye meza za papa, ile harufu inayopanda puani ni amonia. Papa huhifadhi urea mwilini, na akishakufa bakteria huivunja ikawa amonia. Ukimkamulia ndimu, asidi huipa amonia (NH₃) protoni, yaani H⁺, ikawa NH₄⁺, nayo hairuki hewani. Ndiyo maana harufu hupungua.

Kwenye maji matupu, protoni hiyo amonia inabidi iipate kwa maji yenyewe. Ikiipata, huachwa OH⁻, ndiyo haidroksidi. Lakini NH₄⁺ nayo huirudisha upesi. Besi (kitu kinachopokea protoni au kutoa OH⁻) iliyo kali, kama sodiamu haidroksidi, haina mvutano huo: ukiwa na molari 0.1 yake, yaani moli 0.1 kwa lita, basi una haidroksidi molari 0.1, na hesabu imekwisha. Amonia ni besi dhaifu, na kipimo cha udhaifu wake, Kb, kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni hiki (mabano ya mraba ni ukolezi kwa molari):

Kb = [NH₄⁺][OH⁻] / [NH₃] = 1.8 × 10⁻⁵

Tuseme tuna amonia ya molari 0.1. Kila OH⁻ huzaliwa pamoja na NH₄⁺ moja, kwa hiyo zote mbili tuziite x. Amonia inayobaki ni 0.1 − x. Kwa kuwa x ni ndogo mno, tunaiacha 0.1 ilivyo:

x² = 0.1 × 1.8 × 10⁻⁵
x = 0.00134

Yaani pOH (−log ya x) ni 2.87, na pH (14 − pOH) ni 11.13. Amonia iliyogeuka ni asilimia 1.3 tu. Asilimia hiyo usiache kuihakiki: ikiwa chini ya 5, makadirio yetu yanafaa.

Utamu wa hesabu hii uko kwenye kuzimua. Ongeza maji mpaka amonia iwe molari 0.01, mara kumi pungufu. Haidroksidi inashuka hadi 0.00042, kama mara tatu tu! Chembe zikitawanyika, NH₄⁺ na OH⁻ hazikutani kirahisi zikarudiana, kwa hiyo sehemu ya amonia inayogeuka hupanda hadi asilimia 4.2.

Zimua zaidi, ufike molari 0.0001, na njia ya mkato inakataa: inakupa 0.000042, asilimia 42. Hapo x haiwezi kupuuzwa tena. Utatue mlinganyo wa kipeo cha pili wote, x² + 1.8 × 10⁻⁵x − 1.8 × 10⁻⁹ = 0, nawe utapata 0.000034.